Kufunga kigari cha ubavuni kinachotoka na kurudi palepale

Wanaoniuliza kuhusu kigari cha ubavuni mwa pikipiki (sidecar) huanza na swali moja: kinatoka kwa dakika ngapi? Kukitoa si kazi. Mwenye spana mbili na msaidizi mmoja atakitoa. Kazi ni kukirudisha kikae palepale kilipokuwa, maana kikirudi kimepotoka milimita tano au sita tu, usukani utakuvuta mkono safari nzima na tairi litaisha kabla ya wakati wake. Kwa hiyo changu nimekijenga kwa sheria moja: sehemu inayopangwa haifunguliwi, na sehemu inayofunguliwa haina cha kupanga. Karibu yote nitakayoeleza yanatokana na sheria hiyo.

Mimi ni fundi wa kuchomelea. Siku za kazi kigari hubeba mashine, nyaya na sanduku la vifaa. Siku ya mapumziko nataka pikipiki yenyewe, nyepesi, inayolala kwenye kona. Kama wewe hutakitoa kamwe, si lazima ufuate yote ninayosema. Unaweza kubadilisha foki ili usukani uwe mwepesi, ukaweka tairi lenye uso bapa kama la gari, ukafanya mengi ambayo mimi siyafanyi kwa sababu pikipiki yangu lazima ibaki pikipiki.

Kabla ya kukata chuma

Anza na karatasi. Katika nchi nyingi pikipiki yenye kigari huhesabiwa kuwa chombo cha aina nyingine, na kuna kukaguliwa, kuandikishwa upya au leseni tofauti. Waulize wanaosajili vyombo vya moto, kisha mwulize wa bima, kabla hujawasha mashine. Bima inayojua pikipiki ya magurudumu mawili huenda isikulipe ukigonga ukiwa na matatu.

Kigari hukaa upande wa ukingo wa barabara: kushoto kwa wanaoendesha kushoto, kulia kwa wanaoendesha kulia. Mimi nitaeleza cha kushoto. Wa kulia ageuze. Kushoto kuna mambo matatu ya kuchungulia mapema. Stendi ya ubavuni kwa kawaida iko huko, na lazima iendelee kufunguka kigari kikiwa kimetoka. Pedali ya gia iko huko, kwa hiyo bomba lolote la mbele lisikae mahali ambapo buti yako inapita kupandisha gia. Cheni nayo mara nyingi iko huko, na utahitaji kuifikia kuikaza na kuipaka mafuta. Ekzosi kwa pikipiki nyingi ndogo iko kulia, hapo umepona. Wa kulia wana kazi ya ziada ya kuikwepa. Tazama pia nati ya kumwagia oili. Nimeona kazi nzuri sana ya kuchomelea ambayo mwenyewe hawezi kubadilisha oili bila kuibomoa.

Halafu itazame fremu. Inayofaa ni ile yenye mabomba yanayoshuka mbele ya injini na kupita chini yake hadi nyuma. Pikipiki ambayo injini imening'inia tu, bila bomba chini, inahitaji mabamba makubwa na fundi mzoefu. Skuta za fremu ya bati mimi huzikataa.

Angalia magurudumu kwa makini kuliko kawaida. Pikipiki peke yake hulala kwenye kona, kwa hiyo uzito hupita katikati ya gurudumu, kutoka kitovu hadi ardhini. Ukiifunga kigari hailali tena; kila kona inalisukuma gurudumu kwa ubavu, kazi ambayo spoki zake hazikuizoea. Spoki zilegee hata kidogo, zitakatika. Kaza zote, badilisha zenye kutu, na hakikisha beringi za magurudumu, beringi za usukani na bushi za uma wa nyuma (ule unaoshika gurudumu la nyuma) hazina mchezo hata chembe. Mchezo ambao ulikuwa hausikiki kwenye magurudumu mawili utausikia mikononi ukifunga la tatu.

Kuhusu uzito, mimi hufuata theluthi: kigari kitupu kisizidi theluthi moja ya pikipiki. Pikipiki ya kilo 130 ibebe kigari cha kilo 40 hivi. Kikiwa kizito zaidi kinaanza kuongoza safari chenyewe. Kikiwa chepesi mno, gurudumu lake litaruka kila unapokata kona upande wake.

Fremu ndogo ya kudumu

Usichomelee kitu chochote moja kwa moja kwenye fremu ya pikipiki. Nasema hivi nikiwa mtu anayekula kwa kuchomelea. Mabomba ya fremu ni membamba, na moto hudhoofisha chuma kandokando ya mshono. Hapo ndipo ufa huanzia, chini ya rangi, usiuone. Tengeneza fremu ndogo inayoshikwa kwa bolti na klampu, ikae kwenye pikipiki daima hata kigari kikitoka. Ndiyo itakayobeba masikio ya kufungia.

Shika fremu hiyo kwenye bolti za kufungia injini, kwenye bomba la chini, na chini ya kiti. Bolti za injini utazibadilisha na ndefu zaidi za daraja lilelile au juu yake. Mimi situmii chini ya daraja la 8.8, namba ya nguvu inayoandikwa kwenye kichwa cha bolti. Mabamba nakata ya milimita 6 au 8, na mabomba yawe na ukuta usiopungua milimita 3. Klampu zikae kwenye chuma kilichosafishwa, wala usiweke mpira katikati: mpira unacheza, na hapa hatutaki mchezo. Ukihitaji kuchomelea kitu karibu na pikipiki, toa betri kwanza.

Sehemu mbili ni marufuku kufungia: uma wa nyuma na ekseli ya nyuma. Hizo hupanda na kushuka na shokapu. Ukifungia hapo, kila shimo la barabarani litageuza kigari.

Pointi nne, na pini zake

Kigari kinashikwa na pointi nne. Mbili za chini, mbele na nyuma, zinabeba uzito na kuamua gurudumu lake linatazama wapi. Mbili za juu, moja karibu na shingo ya usukani na nyingine chini ya kiti, zinaamua pikipiki inasimama wima au inainama. Ziweke mbalimbali kadiri fremu inavyoruhusu. Za chini ziwe chini kabisa. Za juu ziwe juu, na fimbo zake zishuke kwenye chasisi ya kigari kwa mlalo wa karibu digrii 45. Fimbo iliyolala sana haizuii kitu.

Sasa hapa ndipo sheria yangu inapofanya kazi. Kila fimbo ya juu ina ncha mbili. Ncha ya upande wa kigari ina uzi wa kurefusha na kufupisha, na nati ya pili ya kuufunga. Hiyo ndiyo ya kupangia. Ikishapangwa haiguswi, na mimi huipiga mstari wa rangi ili nione kama imesogea. Ncha ya upande wa pikipiki ni jicho tu, linaloingia kati ya masikio mawili ya chuma na kupitishiwa pini. Hiyo ndiyo ya kufungulia. Fimbo inabaki kwenye kigari.

Mikono ya chini nayo ni hivyohivyo. Wa nyuma umechomelewa kwenye chasisi ya kigari. Wa mbele unaingia ndani ya bomba la chasisi na unaweza kutoka au kuingia, kwa sababu ndio unaosogeza pua ya kigari kuelekea pikipiki au mbali nayo. Mwanzoni unaushika kwa klampu mbili. Ukisharidhika barabarani, unatoboa mkono na bomba kwa pamoja, unapitisha bolti mbili za milimita 10, na habari ya kupanga inaishia hapo.

Pini zikae kati ya masikio mawili, zisining'inie kwenye sikio moja. Mimi natumia pini za milimita 14 za chuma kigumu, zenye kipini cha usalama upande wa pili. Tundu usilitoboe kwa mara moja kwa kekee kubwa. Anza na dogo, panua taratibu, na umalizie kwa kifaa cha kunyoosha tundu (reamer), ili pini iingie kwa kusukumwa na kiganja lakini isigonge ikiwa ndani. Hesabu mwenyewe: kama pointi za chini ziko umbali wa milimita 500, mchezo wa milimita 1 kwenye pini moja unakuwa milimita 4 ukipima kwa urefu wa mita 2. Umeshaharibu mpangilio wote kwa tundu moja bovu. Ndiyo sababu naweka bushi za chuma ndani ya macho: zikilika, nabadilisha bushi tu.

Kupanga

Hapa ndipo pa kutumia siku nzima bila haraka. Tafuta sakafu iliyonyooka, pima kwa pimamaji. Jaza matairi upepo wa kawaida. Mwambie mtu wa uzito wako akae kwenye kiti, na weka ndani ya kigari mzigo wa kawaida, maana shokapu zikilala kila kipimo kinabadilika.

Kwanza, gurudumu la kigari litangulie ekseli ya nyuma ya pikipiki. Kiasi chake ni kati ya sehemu moja ya kumi na moja ya tano ya umbali kati ya ekseli mbili za pikipiki. Kama umbali huo ni milimita 1,300, basi ni kati ya 130 na 260. Likitangulia kidogo sana, ukikata kona upande wa pili kwa kasi pua ya kigari inataka kuchomeka ardhini. Likitangulia sana, usukani unakuwa mzito na tairi la nyuma linaburuzwa kwa ubavu. Mimi huanzia katikati. Kipimo hiki kinaamuliwa na mahali ulipochomelea mkono wa nyuma na masikio, kwa hiyo kipime kabla ya kuchomelea.

Upana, kutoka mstari wa katikati wa pikipiki hadi katikati ya tairi la kigari, uwe kama mita 1 kwa pikipiki ndogo, na zaidi kidogo kwa kubwa. Ukiubana sana kigari kinainuka kirahisi; ukiupanua sana kinavuta.

Pili, gurudumu la kigari lielekee ndani kidogo kwa mbele. Chukua mabomba mawili ya mraba yaliyonyooka, marefu kuliko pikipiki. Moja lilaze likigusa ubavu wa tairi la nyuma na kupita kando ya la mbele. Tairi la nyuma huwa pana zaidi, kwa hiyo kwenye la mbele acha nafasi ya nusu ya tofauti ya upana wao. Usukani uwe umenyooka kabisa. La pili liguse tairi la kigari. Yainue yote mawili juu ya mbao ili yaguse tairi mahali palipotuna sawa. Kisha pima umbali kati ya mabomba hayo mbele ya gurudumu la mbele, na pima tena nyuma ya gurudumu la nyuma. Mbele pawe pungufu kwa milimita 10 hadi 20. Anza na 15. Sogeza mkono wa chini wa mbele mpaka upate.

Tatu, mwinamo. Pikipiki iiname kidogo kwenda mbali na kigari, digrii 1 au 2. Sababu ni kwamba kigari ni mzigo unaoburuzwa upande mmoja, na kinavuta pua ya pikipiki kuelekea kwake. Barabara yenye mgongo katikati inaongeza mvuto huohuo. Mwinamo wa nje unausawazisha. Shusha timazi kutoka juu ya gurudumu la nyuma: kwenye kimo cha milimita 600, digrii 1 ni kama milimita 10. Kurefusha fimbo za juu kunaisukuma pikipiki nje, kuzifupisha kunairudisha. Zungusha zote mbili kwa kiasi sawa, la sivyo utaipinda fremu ndogo kwa nguvu na usijue.

Ukimaliza mwinamo, rudi upime mwelekeo wa gurudumu tena, kwa maana kimoja kikiguswa kingine kinasogea. Kisha nenda barabara iliyonyooka, tulivu, kwa mwendo wa kawaida, ushike usukani kwa wepesi bila kuuachia. Ikivuta kuelekea kigari, ongeza mwinamo wa nje. Ikivuta kwenda mbali, punguza. Badilisha kitu kimoja kila safari, nusu mzunguko wa uzi, basi. Anayebadilisha viwili kwa pamoja atashinda hapo hadi jioni bila kujua kilichosaidia.

Usukani ukitetemeka kwa mwendo mdogo, karibu kilomita 30 kwa saa, usishtuke sana. Kagua beringi za usukani na kusawazika kwa magurudumu, kisha funga kizuia mtikisiko cha usukani. Kwa pikipiki inayotoka na kigari kisha ikarudi peke yake, chagua kizuizi cha kulegeza na kukaza, kwa sababu bila kigari utakilegeza.

Gia, breki na waya

Injini ndogo itaomba msaada. Badala ya kusaga klachi kila mlima, punguza jino moja kwenye sproketi ya mbele. Kutoka meno 14 mbele kwa 42 nyuma kwenda 13 kwa 42, uwiano unatoka 3.0 hadi 3.23, karibu asilimia 8 ya nguvu zaidi ya kuvuta, na utapoteza mwendo wa juu ambao na kigari hukuuhitaji hata hivyo. Shokapu za nyuma zikazwe hatua moja au mbili.

Breki ya kigari: kwa kigari chepesi cha vifaa unaweza kuishi bila hiyo, ila ujue kwamba ukifunga breki pikipiki itasimama na kigari kitataka kuendelea, kwa hiyo usukani unavutwa mbali nacho. Kwa mzigo mzito au abiria, weka. Kwa kigari cha kutoa, napenda breki ya waya inayotoka kwenye pedali ya breki ya nyuma na kuishia kwenye ndoano. Breki ya oili ni nzuri zaidi, ila kila ukifungua mpira wake unakaribisha hewa ndani.

Umeme upite kwenye plagi moja yenye mfuniko wa mpira: taa ndogo ya mbele, taa ya nyuma, ya breki, na indiketa, kwa sababu kigari kinaficha indiketa ya kushoto ya pikipiki. Upande wenye moto, yaani wa pikipiki, uwe ule wa matundu. Pini zilizo wazi zikigusa fremu zitachoma fyuzi.

Kukitoa na kukirudisha

Kata vipande viwili vya mbao vyenye kimo kilekile cha chasisi ya kigari, kimoja cha mbele na kimoja cha nyuma, uviandike. Hivi havipotei, vinakaa ndani ya kigari daima.

Simama kwenye sakafu sawa. Sukuma mbao chini ya chasisi, upande ulio karibu na pikipiki. Chomoa plagi, ngoa waya wa breki. Sasa msaidizi ashike pikipiki kwa usukani na mkono wa kiti, kwa sababu ukitoa pini za juu haina cha kuisimamisha. Toa ya juu nyuma, ya juu mbele, kisha ya chini mbele, na mwisho ya chini nyuma. Pini ikikataa kutoka usiipige nyundo: ina uzito juu yake. Msaidizi aitikise pikipiki taratibu hadi iachie. Sukuma kigari pembeni, fungua stendi, rudisha kila pini kwenye sikio lake ili zisichanganyike.

Kurudisha ni kinyume chake, pini ya chini nyuma ikitangulia. Mbao zikiwa za kimo sahihi, macho yanakutana na masikio yenyewe. Yasipokutana, usivute fimbo wala kugusa uzi. Tafuta sababu: tairi limepungua upepo, sakafu imeinama, au kuna kitu kimepinda. Paka grisi pini, weka vipini vya usalama vyote vinne, halafu tazama tena mistari ya rangi. Baada ya safari ya kwanza kabisa, kaza upya nati zote za fremu ndogo. Chuma kipya hukaa mahali pake kikishatikisika.

Kuendesha

Uwanja mtupu kwanza. Funga mfuko wa mchanga wa kilo 30 au 40 kwenye sakafu ya kigari, usiutoe mpaka uwe umekizoea. Abiria asikae humo wiki za mwanzo.

Na kigari hulali kwenye kona. Unageuza usukani kule unakokwenda, kwa nguvu ya mabega. Ukiongeza mafuta, pikipiki inageukia kigari. Ukipunguza, inageukia mbali nacho. Kona ya upande wa kigari ndiyo inayoinua gurudumu lake. Liinue kwa makusudi uwanjani, polepole, ujue linavyohisi, na ujifunze kulishusha: nyoosha usukani kidogo na upunguze mafuta kwa upole. Kwenye kona ya upande mwingine gurudumu haliruki, lakini uzito wote unaegemea pua ya kigari, kwa hiyo punguza mwendo kabla ya kuingia, usifunge breki ukiwa ndani.

Siku ukikitoa, jipe dakika chache uwanjani tena. Mwili uliozoea magurudumu matatu husimama kwenye taa bila kushusha mguu, na pikipiki inalala chini ikiwa imesimama kabisa. Tazama pia tairi la nyuma: kigari hulisaga katikati likawa bapa, na tairi bapa huingia kwenye kona kwa kigugumizi. Likifika hapo, badilisha kabla ya kuendesha bila kigari, hata kama bado lina meno.